Edison kabla ya muziki: jamaa aliyetaka mashine isikilize kazi za ofisi

Nimekuwa kimya wiki mbili hizi na sababu yenyewe ni aibu, kwa hiyo wacha niitoe kwanza ndipo tuendelee.

Kazi yangu hapa Kasulu wengi mnaijua. Nina meza, kompyuta moja, printa inayokwama, na hedifoni ambazo upande wa kushoto nimeufunga kwa selotepu. Watu wananiletea sauti, mimi nawarudishia karatasi. Mikutano ya vikundi vya kuweka na kukopa, mahojiano ya watafiti wanaotoka kambini Nyarugusu na Nduta, siku nyingine hata mzee anayetaka wosia wake uchapwe kabla hajaghairi. Sauti zinakuja kwa WhatsApp, kwa flashi, kwa memori kadi iliyofungwa ndani ya karatasi ya daftari na kupewa kondakta wa basi kutoka Kibondo. Wasomi wanaita unukuzi. Wateja wangu wanasema tu: nichapie haya maneno.

Sasa mwezi uliopita kikundi cha wafugaji nyuki upande wa Kibondo wakanitumia mkutano wao wa bei. Saa mbili na dakika arobaini za sauti, na kuku wanawika kwa nyuma. Walitaka muhtasari siku ileile maana mnunuzi alikuwa njiani. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, laptopu ya kuazima ina chaji nusu. Nikasema leo nitumie akili. Nikaweka simu mbili uso kwa uso, moja inacheza sauti, nyingine inaandika yenyewe. Kuandika kwa sauti kwa Kiswahili Google walikuwa wameshakileta tangu 2017, kwa hiyo si uchawi, ukibonyeza kile kipaza sauti kwenye kibodi inaandika. Ikaandika. Mimi nikawa napitapita tu kusafisha.

Katibu wao alipotaja bei ya kilo ya asali alisema elfu kumi na mbili. Simu ikaandika 10,002. Nikaona ile mbili pale mwisho ni uchafu wa mashine, nikaifuta. Ikabaki 10,000. Muhtasari ukaenda, mnunuzi akaja na fedha za kilo 500 kwa shilingi 10,000. Piga hesabu mwenyewe. Milioni moja ya watu wanaopanda miti usiku kwa moshi wa majani.

Kilichowaokoa ni kwamba sauti yenyewe ilikuwa haijafutwa. Mzee katibu alipanda basi hadi Kasulu na mnunuzi, wakakaa kwenye benchi langu, tukacheza ile sehemu mara nne. Mnunuzi akasikia kwa masikio yake, akalipa. Mzee hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alinishukuru kwa kazi, akasema mwanangu siku nyingine usikilize. Nikamrudishia hela yake ya uchapaji yote.

Kwa wale wanaojiuliza mashine ilikosea wapi: haikukosea. Kwa Kiswahili chetu elfu kumi na mbili inaweza kuwa 12,000 na inaweza kuwa 10,002, maneno ni yaleyale. Sokoni hakuna anayechanganyikiwa kwa sababu hakuna asali inayouzwa 10,002. Lakini simu haijawahi kwenda sokoni. Mimi nimekwenda, na bado nilifuta mbili.

Usiku ule usingizi haukuja. Nikawa naperuzi, natafuta ni nani mtu wa kwanza aliyefikiria kwamba bosi aongee ndani ya mashine, halafu mtu mwingine, mahali pengine, akae asikilize na kuchapa. Nilidhani nitakuta Mjapani fulani wa miaka ya tisini. Nikamkuta Thomas Alva Edison. Ndiyo, yule wa taa! Shuleni tuliambiwa taa, taa, taa, na kwamba alifeli mara elfu. Hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba huyu mzee, kabla ya taa, alikuwa mtu wa kazi yangu. Kaa vizuri nikumegee.

Alizaliwa tarehe 11 Februari 1847 katika mji mdogo unaoitwa Milan, jimbo la Ohio kule Marekani, wa mwisho kati ya watoto saba. Baadaye familia ikahamia Port Huron, jimbo la Michigan. Darasani alikaa miezi michache tu, mama yake Nancy, aliyewahi kuwa mwalimu, akamfundisha nyumbani. Akiwa na miaka kumi na mbili akaanza kuuza magazeti na peremende ndani ya treni iliyokwenda Detroit na kurudi. Wale mnaokumbuka vijana wa karanga na mayai kwenye treni ya Kigoma mnajua maisha hayo. Ila huyu alikuwa na vituko vyake, aliweka mashine ndogo ya kuchapia ndani ya behewa la mizigo akawa anachapa gazeti lake mwenyewe treni ikiwa inatembea.

Na alikuwa kiziwi. Si kiziwi wa kutosikia kabisa, lakini tangu utotoni masikio yalikuwa yanakwisha, na sababu zimesimuliwa za aina nyingi, nyingine na yeye mwenyewe, hazifanani. Weka hilo akilini. Mtu aliyekuja kutengeneza mashine ya kwanza ya kunasa sauti na kuirudisha alikuwa na masikio mabovu kuliko hedifoni zangu.

Mwaka 1862 alimvuta mtoto mdogo wa mkuu wa stesheni asigongwe na behewa. Baba mtu, kwa shukrani, akamfundisha kazi ya telegrafu. Hiyo ndiyo iliyomtoa. Kwa ambao hamjaiona telegrafu (na mimi sijaiona), ni waya unaobeba mlio mfupi na mlio mrefu. Kila herufi ina mpangilio wake, na mtu wa upande wa pili anasikiliza tak-tak, taak, anaandika maneno kwenye karatasi kwa kasi ileile inayokuja. Ukichelewa neno moja, matatu yamepita. Edison alizunguka miji mingi akiifanya kazi hii akiwa kijana wa miaka kumi na sita, kumi na saba, analala hovyo, anafukuzwa hapa anaajiriwa kule. Pale Louisville alimwaga asidi ya betri sakafuni wakati wa majaribio yake, ikapenya hadi kwenye meza ya bosi chumba cha chini. Asubuhi hana kazi.

Lakini kisa kilichonikalisha kitandani wima ni cha Indianapolis, majira ya baridi ya 1864 kwenda 1865. Usiku zilikuwa zinaingia habari za magazeti kwa kasi ambayo yeye bado alikuwa haiwezi. Basi yeye na mwenzake wakachukua mashine mbili kuukuu za telegrafu. Ya kwanza ikawa inapokea ule mlio na kuuchoma kama vialama kwenye utepe wa karatasi, kwa kasi yote inayokuja. Utepe ukatoka hapo ukaingizwa kwenye ya pili, iliyousoma polepole, na wao wakawa wanaandika kwa raha zao, mwandiko safi kama wa sista. Wadau, hicho ni nini? Hicho ndicho mimi nafanya na VLC kila siku ninapopunguza mwendo wa sauti! Kijana wa miaka kumi na saba, miaka zaidi ya mia na hamsini iliyopita, alishagundua kwamba siri ya kazi hii ni kutenganisha mwendo wa anayesema na mwendo wa anayeandika.

Na kilichofuata ninakijua pia kwa mwili wangu. Ikaja siku ya habari nyingi. Utepe unarundikana, wao wanaandika vizuri lakini polepole, wakajikuta wako nyuma kwa masaa mawili mazima. Magazeti yakalalamika, wakubwa wakachunguza, mashine ikapigwa marufuku. Kunasa ni rahisi, deni la kusikiliza linabaki palepale. Dakika sitini za mkutano zinanila mimi masaa manne, na wakiongea wawili kwa pamoja au wakiingiza Kiha katikati, yanafika sita. Mteja haelewi hilo. Anaona faili moja tu.

Nisikuchoshe na yaliyofuata. 1869 alipata hati ya uvumbuzi ya kwanza, mashine ya kuhesabu kura za wabunge haraka, na wabunge wakaikataa kwa sababu haraka ndiyo kitu walichokuwa hawakitaki. Kuanzia hapo akaapa kutengeneza vitu ambavyo watu watanunua. Akapata hela kwa mashine za telegrafu huko New York na Newark, na 1876 akajenga karakana yake pale Menlo Park, New Jersey, akaijaza mafundi. Hapa niseme kitu. Hadithi zetu zinamfanya Edison kama mchawi aliyekaa peke yake. Hapana. Alikuwa na Charles Batchelor, Mwingereza mwenye mikono ya dhahabu, alikuwa na fundi wa Kiswisi John Kruesi, na wengine kibao waliofanya kazi usiku kucha kwa mshahara wa kawaida huku jina linalokwenda gazetini ni moja.

Mwaka 1877 alikuwa anahangaika na mambo mawili kwa pamoja: kuboresha simu, na kile kitu chake cha zamani cha kuhifadhi ujumbe wa telegrafu kwenye karatasi ili urudishwe baadaye. Vikagongana kichwani. Kama mlio wa telegrafu unaweza kuchomwa kwenye karatasi na kurudishwa, kwa nini si sauti ya mtu? Akachora mchoro, mwezi wa Desemba Kruesi akaunda: mche wa duara wenye mfereji uliozunguka kama skrubu, ukafunikwa kwa karatasi laini ya bati kama ile ya ndani ya pakiti ya sigara, na sindano iliyounganishwa na kiwambo. Unazungusha kwa mkono na kuongea kwa kelele. Edison akaitamkia kashairi ka watoto ka Mary na mwanakondoo wake. Akarudisha sindano mwanzo, akazungusha tena, na mashine ikamjibu kwa sauti yake. Baadaye alikiri kwamba hakuwahi kushtuka vile maishani, maana vitu vinavyofanya kazi mara ya kwanza vilikuwa vinamtia hofu. Tarehe 7 Desemba akaibeba hadi ofisi za jarida la Scientific American, watu wakajaa mpaka wakaogopa sakafu itabomoka. Hati ikatoka Februari 1878. Aprili mwaka huohuo aliitwa Ikulu ya Marekani, akamchezea Rais Hayes hadi usiku wa manane.

Sasa sikia. Katikati ya 1878 aliandika makala katika jarida moja kubwa la kwao akiorodhesha matumizi kumi ya mashine hiyo. Muziki upo, lakini si wa kwanza. Vitabu vya vipofu vipo, wosia wa wanaokaribia kufa upo, saa inayotaja muda ipo. Namba moja kabisa ni barua na kila aina ya imla bila kumhitaji mwandishi wa hatimkato. Umeelewa? Kitu cha kwanza alichokiona mbele ya mashine hiyo hakikuwa Diamond Platnumz. Alimwona mfanyabiashara anayesema barua zake.

Halafu akaiacha! Miaka kumi. Karatasi ya bati ilikuwa inachanika, ukiicheza mara chache sauti imekwisha. Akaenda kwenye taa, ile ya 1879 mnayoijua, na mitambo ya umeme ya New York ya 1882. Katikati hapo Chichester Bell, ndugu wa yule Bell wa simu, na fundi aitwaye Charles Tainter wakaja na wazo bora, badala ya bati wakatumia nta. (Rafiki zangu wa Kibondo wasifurahi haraka, haikuwa nta ya nyuki, ilikuwa nta ya madini iliyopakwa kwenye mche wa karatasi ngumu.) Wakapata hati yao 1886, wakamfuata Edison wafanye kazi pamoja. Akakataa kwa hasira kama mtu aliyekuta jirani amelima shamba alilolitelekeza. Akarudi mbio kwenye mashine yake, na Juni 1888 akatoa yenye nta na mota ya umeme. Kuna picha yake maarufu ameegemea mkono, macho mekundu, inasemekana baada ya siku tatu bila kulala.

Akatokea tajiri mmoja, Jesse Lippincott, akanunua haki za mashine zote mbili, ya Edison na ya wapinzani wake, akaanzisha kampuni 1888 ya kuzikodisha maofisini kwa dola 40 kwa mwaka. Wazo zuri kabisa. Likafeli vibaya.

Likafeli kwa nini? Mche mmoja ulibeba dakika mbili au tatu tu. Betri zilikuwa mzigo wa kuzitunza. Ila sababu inayonigusa mimi ni makarani. Wale waandishi wa hatimkato waliambiwa mashine hii inakuja badala yao, halafu walewale wakapewa wao waiendeshe. Unategemea nini? Sindano ikipinda nani atainyoosha? Wakaikataa kwa maneno, wakaikataa kwa mikono.

Ninawaelewa. Dada yangu alipanda treni hadi Tabora kusomea uhazili, akarudi na daftari lililojaa mikwaju na vinukta ambavyo mama alidhani ni hirizi. Hatimkato hiyo. Kwa miaka mingi matangazo ya kazi za uhazili kwenye halmashauri zetu, Kasulu na Kibondo zikiwemo, yalidai maneno 80 kwa dakika, ngazi ya juu 100, kwa Kiswahili na Kiingereza. Alijifunza kwa jasho. Sasa mje mseme kuna kidude cha dola 40 kinamaliza kila kitu, mlitaka apige makofi?

Huko Washington, kwenye maofisi ya serikali na waandishi wa taarifa za bunge, mashine hizo zilipokelewa vizuri kuliko kwingine, na angalia tofauti: pale waandishi wenyewe ndio waliozitumia. Mtu anaandika hatimkato yake bungeni, kisha anaisomea mashine, halafu mchapaji anasikiliza na kuchapa. Mashine ilikuwa kati ya watu wawili wanaoijua kazi.

Kwingineko waliookoa jahazi walikuwa walevi. Tarehe 23 Novemba 1889 jamaa mmoja wa San Francisco, Louis Glass, aliweka mashine hiyo kwenye baa, ukitumbukiza sarafu unasikia wimbo. Hela ikamwagika. Edison alichukia, aliona wanamgeuzia kifaa cha ofisi kuwa mwanasesere. Lippincott akaugua, Edison akashika usukani kwa sababu ndiye aliyekuwa anadai zaidi, na 1894 kampuni ikafilisika. Alipokuja kuurudia mchezo, akauza muziki kama wenzake. Njaa haina ubishi.

Hapa kuna kisa cha pembeni kinachotuhusu watu wa Kigoma. Kitabu cha maisha yake kilichotoka 1910 kinasimulia kwamba karakana yake iliwahi kutembelewa na Henry Morton Stanley na mkewe. Ndiyo, Stanley yuleyule aliyemkuta Livingstone pale Ujiji, Novemba 1871. Baada ya kuisikia mashine, Stanley akamuuliza Edison, kama ingewezekana, angependa kusikia sauti ya nani katika historia yote. Edison bila kufikiri akasema Napoleon. Stanley akasikitika, yeye angechagua ya Yesu. Edison akajitetea kwamba yeye anapenda watu wa harakati. Nimewaza sana juu ya hilo. Siku ile Ujiji kulikuwa na umati, wabebaji, wenyeji, Waarabu, kila mtu anapiga kelele kwa lugha yake, na tulichobakiwa nacho ni kile Stanley alichoamua kuandika. Sauti ya Napoleon mimi sina shida nayo. Ningependa kusikia wale waliokuwa wamesimama nyuma.

Turudi ofisini. Mzee hakuacha kabisa. Miaka ya 1900 mwanzoni ofisi zilianza kuwa na umeme wa ukutani, mche ukarefushwa, na mashine za imla zikarudi taratibu. Wapinzani wake wa Columbia wakaziita za kwao Dictaphone, jina la 1907. Za Edison zikaja kuitwa Ediphone. Safari hii hawakuuza tena ndoto ya kumfuta karani. Bosi anaongea kwenye mrija, mche unabebwa hadi chumba cha wachapaji, wengi wao kinadada, kila mmoja ana mirija masikioni na namna ya kusimamisha na kurudisha nyuma. Akimaliza, mche unapelekwa kwenye kinyozi cha nta, unakwanguliwa juujuu, unakuwa mpya, unatumika tena. Ilikuwa kazi ngumu, na nadhani wale kinadada walilipwa kidogo kuliko walivyostahili, maana kazi ya kusikiliza haijawahi kuonekana. Mtu anayeongea anaonekana amefanya kazi. Anayesikiliza anaonekana amekaa.

Na Edison mwenyewe, masikio yakizidi kufa, alikuwa anang'ata mbao za piano au za fonografu ili sauti imwingie kwa meno. Hebu fikiria. Alikuwa mtu mkali, mbishi, alipigana vita chafu dhidi ya umeme wa wapinzani wake, wafanyakazi aliwachosha, sitaki kumpamba. Lakini yule mzee anayeng'ata mbao ili asikie sawasawa ananifundisha kazi kuliko yule wa kwenye kitabu cha darasa la sita.

Alikufa tarehe 18 Oktoba 1931 nyumbani kwake West Orange, New Jersey, miaka 84, akiwa na hati 1,093 za uvumbuzi kwa Marekani peke yake. Na hiki ndicho nilichotaka ujue kama ulilipia nusu saa tu na muda unakwisha. Miaka miwili kabla, Oktoba 1929, kampuni yake iliacha biashara ya santuri za muziki. Redio na washindani walikuwa wamemshinda. Ile Ediphone, mashine ya imla, ikabaki. Namba moja ya orodha ya 1878.

Mimi sijaitupa simu inayoandika yenyewe. Naitumia kupata rasimu, hasa kwa mzungumzaji mmoja anayeongea taratibu bila kuku. Lakini mahojiano ya kambini siipi, kwa sababu yale ni maisha ya watu na sijui sauti inakwenda wapi ikishatoka kwangu. Na kila rasimu naisikiliza upya yote, kuanzia sekunde ya kwanza, nikiwa na kalamu nyekundu kwa ajili ya namba na majina. Bei yangu imepanda kidogo kwa sababu hiyo. Wateja wawili wamenikimbia, mmoja karudi.

Wale wa Kibondo walinitumia mkutano mwingine Jumatatu. Mzee katibu kabadilisha mtindo bila mimi kumwambia. Akifika kwenye bei anasema elfu kumi na mbili, anatulia, halafu anasema moja, mbili, sufuri, sufuri, sufuri. Kwa nyuma wanachama wanacheka. Kuku bado wapo.